Yoga inavyowasaidia wachezaji wa skii kulinda magoti

Na Mwandishi Wetu

KILA ifikapo mwezi Desemba, miji midogo iliyo katika Milima ya Alpi huko Austria, Uswisi, Ufaransa na Italia hufurika wageni. Hao ni watu wanaokwenda kuteleza kwenye theluji kwa kutumia mbao ndefu na nyembamba ziitwazo skii, mchezo ambao kwa wakazi wa huko ni wa kawaida kama soka ilivyo kwa vijana wa Dar es Salaam au Mombasa.

Wengi wa wageni hao hutoka moja kwa moja maofisini. Kwa miezi kumi au zaidi wamekuwa wakiketi vitini, magoti yamekunjwa na migongo imeinama mbele ya kompyuta. Kisha, ndani ya wiki moja ya likizo, miili hiyo hiyo hutakiwa kushuka mlima kwa saa kadhaa kila siku, katika baridi kali na kwenye mteremko usiosamehe kosa.

Baadhi yao hurejea makwao wakitembelea magongo.

Ni kwa sababu hiyo walimu wengi wa mchezo huo, pamoja na wataalamu wa mazoezi ya viungo, huwashauri watelezaji kutandika mkeka na kufanya yoga wiki kadhaa kabla ya theluji kuanguka. Ushauri huo umezoeleka kiasi kwamba leo si ajabu kukuta hoteli ya milimani ikiwa na ukumbi wa yoga karibu na chumba cha kukaushia buti.

Lakini yoga inamsaidiaje hasa mtu anayeteleza kwenye theluji? Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba inalainisha mwili. Jibu hilo ni nusu tu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo yenye uzito zaidi.

Kwa nini goti ndilo linaloumia

Hapo zamani, jeraha lililowatisha zaidi wachezaji wa skii lilikuwa kuvunjika kwa mfupa wa muundi. Kuanzia miaka ya 1970, kuboreshwa kwa vifungio vinavyoshika buti kwenye skii kulipunguza sana ajali za aina hiyo, kwa kuwa vifungio hivyo huliachia buti pale mguu unapopata msukosuko mkubwa.

Goti halikupata nafuu hiyo. Buti za kisasa ni ngumu na ndefu, nazo hukibana kifundo cha mguu kisiweze kupinda upande wala kusokoteka. Nguvu ambayo zamani ingeishia kwenye kifundo au kwenye muundi, sasa hupanda juu na kukutana na goti.

Ndani ya goti mna kano fupi inayopita katikati ya kiungo na kuufunga mfupa wa paja pamoja na mfupa wa muundi. Kazi yake ni kuuzuia muundi usichomoke kwenda mbele na usizunguke kupita kiasi. Kano hiyo ndiyo hukatika mara kwa mara katika mchezo wa skii. Anayekatika kano hiyo mara nyingi hufanyiwa upasuaji, na kurejea mchezoni huchukua miezi mingi, wakati mwingine mwaka mzima.

Hata mabingwa hawasaliki. Mmarekani Lindsey Vonn, aliyetwaa medali ya dhahabu ya mbio za kushuka mlima katika Olimpiki ya Vancouver mwaka 2010, alianguka kwenye mashindano ya dunia ya Schladming, Austria, mwezi Februari 2013 na kukatika kano za goti la kulia. Goti hilo liliumia tena baadaye mwaka huo, naye akaikosa Olimpiki ya Sochi ya mwaka 2014.

Ikiwa mwanamichezo mwenye madaktari na walimu wake binafsi hupatwa na hayo, mtu wa kawaida anayeteleza siku sita kwa mwaka ana kila sababu ya kujiandaa.

Somo kutoka Vermont

Mwaka 1995, watafiti Carl Ettlinger, Robert Johnson na Jasper Shealy walichapisha matokeo ya kazi yao iliyobadili namna wengi wanavyolifikiria jeraha la goti. Watafiti hao, waliokuwa na makao ya kazi yao katika jimbo la Vermont nchini Marekani, walichunguza picha za video za watu wakiumia, wakatafuta mambo yanayojirudia.

Waligundua kwamba katika ajali nyingi mwili hupita katika mkao ule ule. Mtelezaji huelemea nyuma, makalio yakashuka chini ya usawa wa magoti. Mkono wa upande wa juu wa mlima hubaki nyuma. Skii ya upande wa juu hupoteza uzito, na mzigo wote ukabaki kwenye ukingo wa ndani wa mkia wa skii ya upande wa chini.

Hapo mkia wa skii hugeuka kuwa wenzo. Binadamu ameumbwa na wayo unaoelekea mbele, lakini aliyevaa skii ana kitu kirefu kinachotokeza nyuma ya kisigino pia. Mkia huo unapokamata theluji, huusokota muundi na kano ikakatika. Watafiti wakauita mkia huo mguu mzuka, yaani mguu ambao mwenyewe hana habari kwamba anao.

Katika msimu wa 1993/94, walinzi wa miteremko na walimu wa skii katika vituo 20 walifundishwa kuutambua mkao huo wa hatari na kujitoa ndani yake mapema. Miongoni mwa waliofundishwa, majeraha makubwa ya goti yalipungua kwa asilimia 62 yakilinganishwa na misimu miwili iliyotangulia. Kwa wale ambao hawakufundishwa, hakukuwa na upungufu wa namna hiyo.

Waliofundishwa hawakupewa buti mpya wala skii mpya. Walichopewa ni uwezo wa kuutambua mwili wao ulipo wakati mambo yanapoanza kuharibika.

Uchunguzi mwingine uliofanywa na watafiti wa Norway na kutolewa mwaka 2011 uliangalia video za ajali 20 za wachezaji wa Kombe la Dunia waliokatika kano hiyo. Katika nusu ya ajali hizo, skii ya nje iliyobeba uzito wakati wa kupiga kona ilikosa mshiko, kisha ghafla ikakamata theluji kwa ukingo wake wa ndani na kulipinda goti kufumba na kufumbua.

Mazingira ya ajali hizo ni tofauti na yale ya Vermont, lakini zote zina mwanzo unaofanana. Kabla kano haijakatika, mizani ya mwili huwa imekwisha kupotea. Hapo ndipo yoga inapoingia.

Yoga ni nini

Yoga ilianzia India zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na jina lake latokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya kuunganisha au kufunga nira. Hapo awali ilikuwa njia ya nidhamu ya nafsi na tafakuri. Mikao ya mwili ambayo wengi huiita yoga leo ni sehemu moja tu ya nidhamu hiyo.

Katika karne ya 20, walimu kama B.K.S. Iyengar, aliyefariki dunia mwaka 2014, waliieneza sehemu hiyo ya mikao katika nchi za Magharibi. Mwezi Desemba 2014, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitangaza Juni 21 kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga, ambayo iliadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2015.

Kinachomvutia mwanamichezo wa theluji katika mazoezi hayo ni mambo matatu yanayofanyika kwa pamoja. Mwili huwekwa katika mkao mgumu na kushikiliwa hapo bila kutikisika. Akili hutakiwa kufuatilia kila kiungo kiko wapi. Pumzi nayo hutakiwa kuendelea kutoka na kuingia taratibu, ingawa misuli inalalamika.

Mtelezaji aliye katikati ya mteremko mkali anahitaji hayo hayo.

Mapafu peke yake hayatoshi

Kwamba nguvu na pumzi havitoshi penye theluji, historia ya Afrika Mashariki inao ushahidi wake. Mwaka 1996, mkimbiaji Philip Boit kutoka Bonde la Ufa nchini Kenya alipelekwa Finland kufundishwa mchezo wa skii za mbio za nyika, chini ya udhamini wa kampuni ya Nike. Wazo lilikuwa kwamba Mkenya mwenye mapafu ya mkimbiaji angeweza kushindana na watu wa theluji.

Mwezi Februari 1998, Boit akawa Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi, huko Nagano, Japan, katika mbio za kilomita 10. Alimaliza wa mwisho, karibu dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway. Dæhlie alimsubiri mwishoni mwa njia ili amkumbatie, na Boit baadaye akampa mwanawe jina la Dæhlie.

Mapafu ya Boit yalikuwa ya mwanariadha wa kweli. Alichokosa ni miaka ambayo mtoto wa Norway huitumia kuujulisha wayo wake namna ya kusimama juu ya kitu kinachoteleza. Ujuzi huo hukaa katika viungo na misuli midogo inayorekebisha mizani kabla akili haijapata habari. Boit aliutafuta kwa bidii akiwa mtu mzima, akarejea tena katika Olimpiki za mwaka 2002 na 2006.

Yoga haiwezi kumpa mtu mzima utoto wa Norway. Inaweza, hata hivyo, kuuamsha mfumo huo wa mizani ambao kwa mtu anayeketi kutwa nzima huwa umesinzia.

Mikao inayofaa zaidi

Wa kwanza ni mkao wa kiti, ambao kwa Kisanskriti huitwa Utkatasana. Mtu husimama miguu ikiachana kwa upana wa nyonga, kisha hukunja magoti na kushuka kama anayetaka kuketi kwenye kiti kisichokuwapo, mikono ikiwa imeinuliwa. Mkao huo hufanana sana na ule wa mtelezaji, nao huichosha misuli ya mbele ya mapaja kama mteremko unavyoichosha.

Siri yake iko katika kushuka polepole. Mtelezaji anapoufyonza mshtuko wa matuta, misuli ya mapaja hufanya kazi huku ikirefuka, kama breki inayozuia gari lisishuke kwa kasi. Kazi ya namna hiyo ndiyo inayoleta maumivu makali siku ya pili kwa asiyeizoea. Anayeshuka kwa kuhesabu hadi tano na kubaki chini kwa pumzi tano anaizoesha misuli yake kazi hiyo.

Wa pili ni mkao wa mti, yaani Vrikshasana. Mtu husimama kwa mguu mmoja, wayo wa mguu mwingine ukiegemezwa upande wa ndani wa ndama au wa paja. Usiwekwe kamwe juu ya goti lenyewe. Anayeweza kusimama hivyo kwa dakika moja hushauriwa kujaribu tena akiwa amefumba macho.

Zoezi hilo la kufumba macho si mchezo wa kujionyesha. Milimani kuna siku ambazo ukungu na theluji huungana, kila kitu kikawa cheupe na matuta yasionekane. Siku hiyo macho hayasaidii kitu, na nyayo ndizo zinazopaswa kuusoma mteremko.

Wa tatu ni mkao wa shujaa, Virabhadrasana. Mguu mmoja hutangulia mbele na goti lake likakunjwa, mwingine hubaki nyuma ukiwa umenyooka. La kuangaliwa hapa ni goti la mbele. Linapaswa kuelekea mahali vidole vya mguu vinapoelekea, bila kuangukia ndani. Goti kuangukia ndani ni tabia mbaya ambayo wengi huwa nayo bila kujua, na juu ya theluji ndiyo humweka mtu karibu na ajali.

Wa nne ni mkao wa daraja. Mtu hulala chali, hukunja magoti, hukanyaga sakafu na kuinua makalio. Misuli ya makalio na ya nyuma ya mapaja ndiyo inayofanya kazi. Misuli ya nyuma ya mapaja ni rafiki mkubwa wa ile kano ya ndani ya goti, kwa kuwa huuvuta muundi kurudi nyuma wakati unapotaka kuchomoka mbele.

Wa tano ni ule wa kuunyoosha mwili kama ubao, mtu akijitegemeza kwa viganja au viwiko na ncha za vidole vya miguu. Mtelezaji hodari huacha miguu yake igeuke kulia na kushoto huku kifua kikiendelea kutazama chini ya mlima. Hilo haliwezekani kama kiuno na tumbo ni dhaifu.

Mikao ya kufungua nyonga, kama ule wa njiwa, na ile ya kukisokota kiwiliwili taratibu, hukamilisha orodha. Nyonga iliyokakamaa haigeuki, na isipogeuka, kazi yake huhamia kwenye goti ambalo halikuumbwa kwa kuzunguka.

Kwa wanaotelezea ubao mmoja mpana, ambao husimama ubavu mguu mmoja ukiwa daima mbele, yoga ina faida ya ziada. Mchezo wao huutumia upande mmoja wa mwili kuliko mwingine. Mkekani kila mkao hurudiwa pande zote mbili, na upande uliosahauliwa hujulikana mara moja.

Pumzi na hofu

Anayesimama juu ya mteremko mkali kwa mara ya kwanza hufanya mambo mawili bila kutaka. Huzuia pumzi, na huegemea nyuma kana kwamba anaukimbia mlima. Jambo hilo la pili ni mwanzo wa ule mkao wa hatari uliogunduliwa na watafiti wa Vermont.

Walimu wa skii hutumia muda mwingi kumshawishi mwanafunzi aelekeze kifua chake mbele, kwenye kile anachokiogopa. Yoga humsaidia kwa kumfundisha kutoa pumzi ndefu katikati ya jambo gumu. Baadhi ya walimu huwataka wanafunzi wao watoe pumzi kila wanapoanza kupiga kona, ili misuli isikakamae.

Katika mchezo wa biathlon, unaochanganya mbio za skii na kulenga shabaha kwa bunduki, pumzi ndiyo huamua mshindi. Mchezaji hufika kwenye uwanja wa shabaha moyo ukimdunda kwa nguvu, kisha hutakiwa kulenga tundu tano zilizo umbali wa mita 50. Anapofyatua akiwa amelala, tundu hiyo ina upana wa milimita 45 tu. Asiyeweza kuituliza pumzi yake kwa haraka hukosa, na kila kosa humgharimu muda au umbali wa ziada.

Kunyumbuka kuna mipaka yake

Pamoja na faida hizo, ni makosa kudhani kwamba mtu akiweza kugusa vidole vya miguu bila kukunja magoti basi amekingwa na ajali.

Uchunguzi uliofanywa kwa wachezaji wa hoki ya barafu wa ligi ya NHL ya Amerika Kaskazini, na kuchapishwa mwaka 2001, unalionyesha hilo vizuri. Wachezaji wa hoki huumia sana misuli ya ndani ya mapaja, karibu na kinena. Watafiti waliwapima kabla ya msimu kuanza, kisha wakasubiri kuona nani ataumia.

Kiwango cha kunyumbuka hakikutofautiana kati ya walioumia na wasioumia. Kilichotofautiana ni nguvu. Wale ambao misuli ya ndani ya paja ilikuwa na nguvu isiyofikia asilimia 80 ya ile ya nje, walikuwa na uwezekano mara 17 zaidi wa kuumia.

Maana yake kwa anayefanya yoga ni kwamba achague mikao inayojenga nguvu na mizani kwanza, na ile ya kujinyoosha ifuate. Mwenye viungo vilivyolegea kwa asili ndiye anayehitaji tahadhari zaidi, kwa kuwa humfurahisha kila mtu darasani kwa kunyumbuka, kumbe kano zake zinahitaji misuli imara ya kuzilinda.

Yoga pia haichukui nafasi ya mazoezi ya kukimbia, kuendesha baiskeli au kunyanyua vyuma. Moyo na mapafu vinahitaji kazi yao, na mapaja yanahitaji uzito kuliko ule ambao mkeka unaweza kuyapa. Inachofanya yoga ni kuziunganisha nguvu hizo ili zitumike mahali panapotakiwa.

Lini ifanywe

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Anayetarajia kwenda milimani mwezi Januari anashauriwa kuanza wiki sita hadi nane kabla, mara mbili au tatu kwa wiki, kwa nusu saa kila mara. Anayeanza usiku wa kuamkia safari atapata maumivu ya misuli badala ya faida.

Asubuhi ya siku ya kuteleza, mazoezi yafaayo ni yale ya kujongea: kuchuchumaa na kuinuka, kuzungusha nyonga, kupiga hatua ndefu na kurudi. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba kujinyoosha kwa kutulia muda mrefu, hasa zaidi ya dakika moja kwa msuli mmoja, hupunguza nguvu ya msuli huo kwa muda. Aliyejinyoosha hivyo kisha akapanda mlimani moja kwa moja, amejipunguzia breki zake mwenyewe.

Mikao ya kutulia wakati wake ni jioni, buti zikishavuliwa. Ndipo mtu anapoweza kubaki katika mkao wa njiwa, au kulala chali miguu ikiegemea ukutani, akiiacha misuli ilegee baada ya kazi ya kutwa.

Saa za alasiri nazo zahitaji busara. Mapaja yaliyochoka hayaufyonzi mshtuko, na mtelezaji huanza kuegemea nyuma bila kujua. Anayefanya yoga kwa makini huitambua dalili hiyo mapema, kwa kuwa ameizoea mkekani, pale mguu unapoanza kutetemeka. Huyo huvua skii akaenda kunywa chai, ilhali mwenzake husema ateremke mara moja tu ya mwisho.

Tahadhari

Mwenye jeraha la goti, mgongo au bega anapaswa kumwona daktari au mtaalamu wa tiba ya viungo kabla ya kuanza. Mikao inayolisokota goti, kama ule wa kuketi miguu ikiwa imepishanishwa juu ya mapaja, haimfai mtu huyo, na hata mzima hapaswi kuilazimisha. Wajawazito, wenye shinikizo la damu na wenye mifupa iliyodhoofika wanahitaji mwalimu anayejua kuwabadilishia mikao.

Kanuni ni rahisi. Misuli kuwaka na kutetemeka ni dalili ya kazi. Maumivu makali ndani ya kiungo ni amri ya kuacha.

Wapo pia wanaojiuliza kuhusu upande wa imani, kwa kuwa chimbuko la yoga limo katika dini za India. Mwaka 2008, Baraza la Taifa la Fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga inayochanganywa na ibada na maneno ya dini nyingine. Saudi Arabia nayo, mwezi Novemba 2017, iliruhusu yoga ifundishwe kama mchezo. Darasa la wanamichezo wa theluji kwa kawaida huwa na mikao na pumzi tu, na mwenye wasiwasi ana haki ya kumwuliza mwalimu kabla ya kutandika mkeka.

Si kwa wazawa wa theluji pekee

Msomaji aliye Tanga au Kisumu anaweza kuona kwamba habari hizi hazimhusu. Hata hivyo, Waswahili wamekwisha kufika huko. Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi mwaka 1998 na kukulia Austria, aliiwakilisha Kenya peke yake katika Olimpiki ya PyeongChang mwaka 2018, akiwa mwanamke wa kwanza wa nchi hiyo kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi.

Zaidi ya hao wa Olimpiki, wapo maelfu ya watu wa Afrika Mashariki wanaoishi Minnesota, Toronto, Oslo na Stockholm. Watoto wao hupelekwa kuteleza na shule zao, na wazazi huombwa waongozane nao. Hata wasiowahi kugusa skii huikuta barafu mlangoni asubuhi wakienda kazini, nayo humwangusha mtu bila kumwuliza ametoka wapi.

Kwa watu hao, kusimama kwa mguu mmoja wakati wa kupiga mswaki ni mwanzo mzuri usiohitaji ada wala mkeka. Wakishaweza kwa nusu dakika kila upande bila kushika ukuta, waongeze mkao wa kiti. Goti linalojifunza kusimama imara jikoni ndilo hilo hilo litakalobeba mwili mlimani.